Sanamu ya chukudu haiumwi mgongo

Pale Rond-Point Chukudu, Goma imemsimamisha msukuma chukudu, amepakwa rangi ya dhahabu. Yule wa nyama na damu anateremka kutoka Kibumba na magunia ya makala, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukipiga mawe ya volkano. Kwenye mlima anasukuma, kiuno kimepinda. Usiku goti limevimba, bega haliinuki.

Eti ni uzee! Uzee gani kwa kijana wa miaka 25? Mwenye makala analipa safari, halipi mgongo. Na baba aliyekimbia vita akaacha shamba, anakubali hata gunia la ziada, sababu watoto hawajala.

Wenye mali wapunguze magunia. Viongozi nao, kabla ya kupaka sanamu rangi tena, wawatafutie wasukumaji matibabu.