Eti Ni Majani Tu

Juzi kwenye daladala redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, mtangazaji anamhoji bwana mmoja anayejiita daktari wa tiba ya Kichina. Anatibu mkojo unaotoka bila hiari, tezi dume, bawasiri, choo kigumu na nguvu za kiume, maana siku hizi tangazo la dawa bila nguvu za kiume halisikiki. Msikilizaji akauliza kama dawa zake zina madhara. "Hazina, ni majani tu." Abiria wakatikisa vichwa kukubali.

Majani tu! Wavuvi wa pwani wanajua utupa unavyoua samaki. Utomvu wa mnyaa tulikatazwa tangu utotoni tusiusogeze karibu na macho. Leo jani likifungwa kwenye pakiti yenye maandishi ya Kichina, ghafla halidhuru?

Tuzungumzie mutong. Huko China waganga huitoa kwa mgonjwa ambaye mkojo unamsumbua. Kwa miaka mingi aina moja iliyouzwa kwa jina hilo, guan mutong, ilitokana na mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye asidi inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Yaani dawa ya mkojo inaleta saratani ya mkojo! Mmea mwingine wa jamii hiyohiyo uliingia kimakosa kwenye vidonge vya kupunguza unene mjini Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanawake zaidi ya 100 wakaharibika figo. Mwaka 2000 madaktari walichapisha taarifa za wagonjwa 39 wa mkasa huo walioondolewa figo: 18 walikutwa na saratani. China yenyewe iliifuta guan mutong mwaka 2003.

Kuna wanaonijibu kwamba Wachina wametumia dawa hizi maelfu ya miaka. Hoja dhaifu kuliko hii sijaisikia. Saratani hiyo huchukua miaka kujitokeza. Mganga alimpa mtu mutong, mkojo ukafunguka, akashukuriwa. Mgonjwa alipokufa miaka kumi baadaye, nani alimkumbuka mganga? Maelfu ya miaka ya kutohesabu wafu si ushahidi wa chochote.

Sindano za tiba ya Kichina, zile nyembamba za kuchomeka mwilini, nazo zina sifa zisizo zake. Kwa tumbo linalovurugika mara kwa mara, wachambuzi wa tafiti za tiba wa Cochrane mwaka 2012 hawakuona sindano za kweli zikizizidi za kuigiza.

Kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Kijana wa jirani yangu alikuwa akimaliza kukojoa, matone ya mwisho yanatoka damu. Akauziwa unga wa kahawia wa kuchemsha, pakiti baada ya pakiti, mpaka mama yake akauza cherehani. Hospitali walimpa kikopo, wakaweka mkojo kwenye darubini, wakaona mayai ya kichocho. Akapewa prazikwanteli. Kichocho kikiachwa nacho huzaa saratani ya kibofu, na watoto wetu wataendelea kukipata maadamu shule hazina vyoo na mito ndiyo bafu.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002, na Baraza lake lipo. Basi kila pakiti iandikwe jina la kila mmea uliomo, kwa Kiswahili na kwa jina la kisayansi. Muuzaji asiyejua alichofunga humo afungiwe duka, na redio iliyompa kipaza sauti itozwe faini.