Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa fainbosi

Fainbosi ni uoto wa vichaka vya asili unaopatikana kusini-magharibi mwa Afrika Kusini. Jina limetokana na lugha ya Kiafrikaans. Tabianchi ya huko inafanana na ile ya nchi za Bahari ya Mediteranea: mvua hunyesha wakati wa baridi, na majira ya joto huwa makavu. Eneo lote lina spishi za mimea zipatazo 9,000, na zaidi ya theluthi mbili hazipatikani mahali pengine duniani. Tangu mwaka 2004 baadhi ya hifadhi zake zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Moto na mvua

Moto wenyewe si adui wa fainbosi. Protea nyingi hutunza mbegu katika vichwa vya maua vilivyokauka hadi mmea uungue. Mbegu za mimea mingine huzikwa ardhini na sisimizi. Baada ya moto miche huota kwa mvua za baridi. Hatari huja katika kiangazi cha kwanza: joto likizidi na ukavu ukidumu, miche hufa kabla ya mizizi kufika chini. Kwenye hifadhi ya Rasi ya Tumaini Jema, viwanja vya utafiti vilivyopimwa mwaka 1966 vilipimwa tena 1996 na 2010. Spishi zilikuwa zimepungua, hasa pale moto ulipofuatwa na kiangazi cha namna hiyo.

Ukame wa 2015 hadi 2018 ulikaribia kuumaliza maji mji wa Cape Town. Wanasayansi walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame huo mara tatu hivi. Misonobari na migunga kutoka Australia huzidisha tatizo, kwa kuwa hunywa maji mengi kuliko vichaka vya asili na hufanya moto uwe mkali zaidi.

Pwani

Baharini, sardini na anchovi wengi wamehamia mashariki, mbali na makoloni ya pengwini wa Afrika yaliyoko pwani ya magharibi. Mabadiliko ya bahari pamoja na uvuvi yanahusishwa na jambo hilo. Jozi zinazozaa zimebaki chini ya 10,000, na mwaka 2024 IUCN iliwaweka pengwini hao katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Mimea ya fainbosi haina pa kukimbilia, maana kusini kwake ni bahari tu. Kwa hiyo kinachobaki ni kupunguza mizigo mingine: kung'oa miti ya kigeni na kuzuia uvuvi karibu na makoloni, kama mahakama ilivyoidhinisha mwaka 2025 kwa makoloni sita.