Sauti Hafifu si Kosa la Kinanda

Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hiyo yamfaa sana mwanafunzi anayejifunza kupiga kinanda cha mdomo. Apulizapo, sauti hutoka safi. Avutapo pumzi, hasa katika tundu la pili, husikika mkwaruzo tu, au pasisikike kitu. Aghalabu hukata shauri kwamba kinanda ni kibovu, akatwaa sindano na kukichokonoa. Asipofanya hivyo, hujihukumu kuwa hana kipaji, akakiweka kando. Hukumu zote mbili ni za haraka, na zote zina hasara: ya kwanza huharibu chombo, ya pili huvunja moyo wa kijana.

Mkulima wa mpunga wa Mchombe, katika bonde la Kilombero, hutenda kwa busara zaidi. Aonapo majani yamegeuka manjano, hailaumu mbegu papo hapo. Huchunguza maji, udongo na wadudu, sababu moja baada ya nyingine. Huo ndio mwenendo wa sayansi, nao waweza kufundishwa shuleni kwa chombo kinachoenea mfukoni.

Kinanda cha kawaida kina matundu 10 na ndimi 20 za madini. Kila tundu lina ndimi mbili: mmoja huitikia pumzi itokayo, wa pili pumzi iingiayo. Kila ulimi umebanwa upande mmoja, na upande wa pili uko huru kutetema. Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Vipande vya chuma vya ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipatia sifa ulimwenguni, hubanwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kule husukumwa na kidole, na huku na hewa. Akodiani ya taarabu ya Unguja nayo hutetemesha ndimi zake kwa hewa, lakini hewa hiyo hutoka katika mfuko unaokunjwa na kukunjuliwa, wala haipiti kinywani mwa mtu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kinywa na koo ni uvungu, na kila uvungu wenye hewa una mlio wake, kama mtungi unavyobadili sauti kadiri maji yanavyopanda. Katika kinanda cha ufunguo wa C, tundu la pili likivutwa hutoa noti ya G, yenye mitetemo karibu 392 kwa sekunde. Likipulizwa hutoa E, karibu 330. Mchezaji akikaza koo au akikunja vibaya ulimi wa kinywani, uvungu huo huivuta G kuelekea chini. Ndimi mbili za tundu hilo hushindana, na sauti hushuka au hufifia. Mastadi hufanya hivyo makusudi ili kupinda sauti; mwanafunzi hufanya bila kujua, kisha akaongeza nguvu, na nguvu ikazidisha tatizo.

Basi na apime. Kwanza, avute matundu ya 1, 2 na 3 kwa pamoja, polepole, kisha apunguze mdomo mpaka libaki la pili peke yake, bila kubadili koo. Sauti ikibaki nene, ulimi wa kinanda ni mzima. Pili, abane pua kwa vidole; sauti ikipata nguvu, hewa ilikuwa ikipitia puani. Tatu, apulize tundu la tatu, ambalo nalo hutoa G ileile, kisha avute la pili. La pili likiwa chini, alegeze taya na koo kama mtu apigaye miayo. Likipanda, kosa lilikuwa la kinywa.

Wako watakaosema kwamba vinanda vingine ni vibovu kweli. Ni kweli: mate hukauka, chembe za chakula hukwama, na ndimi huchoka. Lakini ubovu huo uthibitishwe kwa majaribio, usikisiwe. Kinanda kikungʼutwe kiganjani matundu yakitazama chini, na mchezaji asukutue kinywa kabla ya kupiga. Kukifungua ni hatua ya mwisho, tena kwa mkono wa ajuaye. Na kila mwanafunzi atumie chake, kwa ajili ya afya.

Wengine watadai kwamba muziki ni anasa katika kipindi cha fizikia. Hao wakumbuke kwamba huko Ifakara, katika bonde hilihili, utafiti wa afya umefanywa tangu miaka ya 1950. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001, kutoka wilaya za Kilombero na Ulanga, yalihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Hilo halikujulikana kwa kukisia, bali kwa kulinganisha kwa uangalifu waliotumia vyandarua na wasiotumia.

Mwanafunzi aliyezoea kutenga sababu moja na nyingine katika sauti hafifu amekwisha kuanza njia hiyo. Mwalimu asimnyangʼanye kinanda. Amtake aandike daftarini alichojaribu, alichosikia, na sababu aliyoiondoa.