Gari Lako, Barabara Yetu

Kijana anayepachika vipande kati ya chesi na bodi ya Land Cruiser ili atie matairi makubwa huniambia: "Gari ni langu." Nchini Ujerumani kifungu cha 19 cha kanuni za magari, StVZO, hakimkubalii. Badiliko linalotarajiwa kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara hufuta kibali cha gari lenyewe, bila kusubiri ajali wala askari. Mtaalamu akague kwanza boliti, mhimili wa usukani, mipira ya breki. Ndipo badiliko liingizwe katika hati. Naiafiki falsafa hiyo: mzigo wa kuthibitisha usalama aubebe anayebadili, si mwenda kwa miguu. Kwetu, nionavyo, swali hilo huachiwa fundi wa gereji, naye huulizwa gari likishapinduka.