Kichuma cha Kudanganya Gari

Mkanda ni wa trafiki. Ndivyo wanavyosema madereva wengi, Rusimbi na kwingineko katika Manispaa ya Kigoma Ujiji: unafungwa sare nyeupe ikionekana mbele, unaachiwa ikishapitwa. Gari la kisasa, wanaongeza, lina eabegi na ABS, na mengine yana kitufe cha BRAKE HOLD kinachoshikilia breki bila mguu wa dereva. Mkanda wa nini tena? Imani hiyo ni potofu, na inaua watu.

Ushahidi uko ndani ya magari hayohayo. Chukua Honda Vezel, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2013. Dereva wa gari hilo akibonyeza kitufe cha BRAKE HOLD bila kufunga mkanda, mfumo haukubali kuwaka. Akifunga, gari likisimama presha ya mafuta ya breki hubaki imebana magurudumu hata akitoa mguu, mpaka atakapokanyaga mafuta. Akifungua mkanda, gari huchukulia kwamba anataka kushuka, nalo hukaza lenyewe breki ya mkono ya umeme. Na hata hapo, Honda inaonya kwamba mfumo huo usitegemewe kwenye mteremko mkali. Wanaoshuka kutoka Mwanga kwenda stesheni na bandarini walizingatie onyo hilo.

Waliolibuni gari hilo waliuweka mkanda kuwa sharti. Dereva anauona usumbufu, kisha ananunua kile kichuma kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la mkanda ili mlio wa onyo unyamaze.

Kichuma hicho hakinyamazishi mlio tu, kinalidanganya gari. Dereva akishuka, ile ishara ya mkanda kufunguliwa haifiki kwenye breki. Kwenye eabegi uongo huo ni mbaya zaidi. Katika magari mengi, kompyuta huangalia kwanza kama mkanda umefungwa. Haukufungwa, eabegi ya mbele hufumuka hata gari likigonga ukuta kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa. Umefungwa, husubiri mpaka kama kilomita 26, maana mgongano mdogo mkanda unaumudu peke yake. Mwenye kichuma, basi, anakosa vyote viwili: mkanda haupo, na eabegi inamsubirisha.

Ikifumuka, hujaa katika muda wa chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Imepimwa kwa mtu aliyezuiwa na mkanda. Asiyefunga huwa tayari ametupwa mbele, akaikuta usoni ikiwa bado inalipuka. Ndiyo maana mtoto kupakatwa kiti cha mbele ni jambo la kutisha. Katika mgongano wa kilomita 50 kwa saa, mwili hukutana na nguvu sawa na ya kuanguka kutoka karibu mita 10, na hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika mtoto hapo. Hakuna safari ya Ujiji iliyo fupi kiasi cha kuhalalisha hilo. Mtoto akae nyuma, na afungwe.

ABS nayo imesifiwa kupita kiasi. Kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge ili usukani uendelee kutii. Kwenye vumbi na changarawe, gari lenye ABS linaweza hata kuchelewa kusimama kuliko lisilokuwa nayo.

Hoja inayoaminiwa sana kandokando ya Tanganyika ni kwamba gari likitumbukia ziwani, mkanda utamnasa mtu azame. Lakini kabla ya maji kuna kishindo. Aliyepasuka kichwa kwenye kioo hawezi kuogelea. Aliyefungwa ana nafasi ya kubaki na fahamu, abonyeze kifungo, atoke. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa wanaokaa mbele kwa hadi asilimia 50. Nils Bohlin wa Volvo aliubuni huu wa pointi tatu mwaka 1959, na Volvo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie.

Na eabegi yenyewe inaaminika kiasi gani katika gari lililotumika miaka 15 Japani? Zile za kampuni ya Takata ziliitwa zirudishwe kwa mamilioni, katika Toyota, Honda, Nissan na mengineyo, kwa sababu joto na unyevu viliharibu kemikali yake, zikawa zinarusha vipande vya chuma. Mwaka 2014 mwanamke mjamzito aliuawa hivyo Malaysia, nchi yenye joto na unyevu kama mwambao wa ziwa wakati wa masika. Wito wa kulirudisha gari hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani, si kwa aliyelinunua Kigoma. Anayenunua atafute mtandaoni kwa namba ya chasisi kama gari liliitwa. Kisha awashe swichi: taa ya SRS, yaani ya eabegi, iwake sekunde chache na kuzimika. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na eabegi huenda isifumuke. Isipowaka kabisa, amuulize muuzaji nani aliiondoa, kabla hajatoa fedha.