Bodaboda Mbele ya Kamera ya Mwendo: Hesabu Inayofanyika Kati ya Chanzuru na Kilosa

Na Mwandishi Wetu

Lami iliyofika mjini Kilosa kutoka Rudewa imebadili namna wakazi wa Kata ya Chanzuru wanavyoyapima masafa. Kipande hicho chenye urefu wa takriban kilomita 24, ambacho ni sehemu ya barabara ya Dumila–Kilosa–Mikumi, kimeigeuza safari iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika kuwa safari ya dakika chache kwa pikipiki. Mkulima anayetoka Ilonga kufuata pembejeo mjini, mama anayempeleka mtoto hospitali ya wilaya na mtumishi anayewahi ofisini, wote humtegemea dereva wa bodaboda. Lakini lami inapofika, mwendo nao huongezeka, na mwendo ukiongezeka, tochi haikawii kufuata.

"Tochi" ndilo jina ambalo madereva nchini wamekipa kifaa cha kupimia mwendo kinachotumiwa na askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Kifaa hicho hutuma mawimbi au mwanga kwa chombo kinachokuja, hupokea yanayorudi, na kwa sekunde moja hueleza chombo hicho kinakwenda kilomita ngapi kwa saa. Vipo vinavyoshikwa mkononi, vipo vinavyofungwa juu ya nguzo na kufanya kazi bila askari kuwapo, na ipo aina ya tatu isiyojali mwendo wa nukta moja: kamera mbili hupiga picha ya kibao cha namba katika sehemu mbili za barabara, kisha mfumo hugawanya umbali kwa muda uliotumika.

Tofauti kati ya aina hizo si jambo la mafundi peke yao, kwani ndiyo inayoeleza kwa nini madereva wa pikipiki huenenda wanavyoenenda. Mbele ya tochi ya mkononi, majibu yao yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kusafiri barabara kuu za nchi hii. Anayetoka mbele huwasha taa mara mbili kumjulisha anayekuja. Anayekuja hupunguza mwendo, hupita kwa adabu, humsalimu askari, na akishapita kona hufidia muda alioupoteza kwa kukimbia zaidi ya awali. Wapo wanaoacha lami na kuchepukia njia ya mashambani. Wapo pia, na hawa ni hatari zaidi, wanaokunja kibao cha namba, kukipaka tope au kukifungia mahali pasipoonekana, wakijua kwamba kamera isiyosoma namba haina la kusema.

Ni rahisi kuyaita matendo hayo utovu wa nidhamu na kuishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi. Dereva wa bodaboda anapiga hesabu, na hesabu yake ina mantiki. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa huchukua dakika 12. Kwa mwendo wa kilomita 80 huchukua dakika saba na nusu. Dakika nne na nusu zinazookolewa ni kidogo kwa abiria, ila kwa dereva anayefanya safari kumi kwa siku ni dakika 45, sawa na safari nyingine tatu au nne za malipo. Wengi wao hawamiliki pikipiki wanazoziendesha. Wapo wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na wapo walio katika mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Siku ambayo hesabu haikutimia, deni huhamia kesho.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio unaosahaulika. Chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde; kinachokwenda kilomita 80 husogea zaidi ya mita 22. Ikiwa dereva anahitaji sekunde moja na nusu kuona hatari na kushika breki, yule wa kwanza atakuwa amesogea mita 21 na wa pili mita 33 kabla breki haijaanza kazi. Mtoto anayevuka barabara akitoka shule, au mbuzi aliyekatika kamba, hupatikana ndani ya mita hizo 12 za tofauti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kila asilimia moja ya ongezeko la mwendo wa wastani huongeza kwa asilimia nne uwezekano wa ajali yenye kifo, na kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Aliye juu ya pikipiki hana bati wala mkanda wa kumkinga. Ana kofia ngumu tu, kama ameivaa na kuifunga.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Ukomo wa kilomita 80 unaotajwa na sheria hiyo unahusu magari ya abiria na ya mizigo yenye uzito mkubwa, yaani unaozidi kilo 3,500. Hapo ndipo penye ugumu kwa vijiji vilivyopangana kando ya lami. Dereva aliyetoka mashambani haoni ukuta unaosema "hapa makazi yanaanza". Anachotegemea ni kibao cha barabarani. Kibao kikiwa kimeng'olewa, kimefunikwa na majani au kiko mbali na nyumba za kwanza, tochi iliyopo mbele yake huonekana mtego, hata kama kisheria iko mahali pake.

Kuhusu adhabu, Serikali ilikwisha kusikia kilio cha waendesha bodaboda. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2021, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Mwigulu Nchemba, alipendekeza faini za makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji zishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na Bunge likaridhia kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: haikuwa haki kwa pikipiki kutozwa sawa na basi au lori. Faini ya shilingi 10,000 hailingani tena na thamani ya tairi, lakini bado ni fedha inayoweza kumeza hesabu ya siku nzima. Kwa hiyo inauma kiasi cha kumfanya dereva aikwepe, na pengine haiumi kiasi cha kumfanya abadili tabia akiwa hana wa kumwona. Kuipandisha upya hakutaondoa tatizo hilo. Kinachopungua hapo si ukali wa faini bali uhakika wa kwamba kosa litaonekana na kwamba atakayelipa ni aliyelitenda.

Uhakika huo wa pili ndio kiini cha malalamiko mengi. Kamera husoma kibao. Haimjui aliyeshika usukani. Deni la faini huingizwa katika mfumo wa Jeshi la Polisi wa kusimamia makosa ya barabarani kwa namba ya usajili, ambapo mwenye chombo anaweza kuliangalia na kulilipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Utaratibu huo umepunguza fedha taslimu mikononi barabarani, na kwa hilo unastahili sifa. Hata hivyo, pikipiki moja inaweza kuwa na madereva wawili, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku. Nyingine imeuzwa mara mbili bila kuhamishwa umiliki, na bado inasomeka kwa jina la mtu aliyekwisha kuisahau. Faini ikigundulika baada ya wiki tatu, tajiri humtoza dereva aliyepo, dereva hudai hakuwa yeye siku ile, na anayebaki na kinyongo dhidi ya kamera ni mtu ambaye huenda hakukosea.

Majirani wamekwisha kupita njia hii. Mjini Kigali, ambako kamera za mwendo zimepewa jina la utani la "Sofia", manung'uniko ya mwaka 2021 hayakuwa juu ya kamera zenyewe kuliko yalivyokuwa juu ya vibao vya kilomita 40 kwa saa katika barabara pana ambazo madereva waliona zinastahimili zaidi. Mamlaka zilipitia upya, na ukomo katika baadhi ya barabara hizo ukapandishwa hadi kilomita 60. Kamera zilibaki. Nchini Uganda, mfumo wa kutoza faini kwa kamera bila askari ulianza Juni 2025 na ukasitishwa mwezi huohuo ili ufanyiwe mapitio, baada ya wananchi kulalamikia ukubwa wa faini na ukomo wa kilomita 30 katika maeneo ambayo hawakuwa wameelezwa vya kutosha. Vyombo vilikuwa vilevile vya kisasa katika miji yote miwili. Kilichotofautiana ni maandalizi ya watu.

Nchini Uingereza pikipiki hazilazimiki kubeba kibao cha mbele, kwa hiyo kamera inayopiga picha kwa mbele humwona mwendesha pikipiki bila kuweza kumtambua. Mpangaji wa kamera katika barabara za Morogoro hana budi kulijua hilo mapema, maana pikipiki zetu nazo hutambulika kwa kibao cha nyuma. Kamera iliyoelekezwa upande usiofaa itawakamata wenye magari na kuwaacha wa pikipiki, jambo ambalo litazaa lawama za upande mwingine.

Wilaya ya Kilosa, kwa bahati, ina shule ya karibu kuhusu mwendo. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo ukomo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Vibao vimewekwa, matuta yamejengwa, na mabango yanaonyesha kiasi atakacholipa dereva atakayemgonga mnyama, aina kwa aina. Msafiri anajua anapoingia, anajua kwa nini anatakiwa kupunguza, na anajua gharama ya kukaidi kabla hajakosea. Swala na twiga wa Mikumi wametengenezewa maelezo ambayo mwanafunzi anayetembea kando ya lami kijijini bado hajatengenezewa. Ulinganisho huo si wa kufurahisha, ila haukwepeki.

Suala la picha nalo limeanza kuulizwa, hasa na vijana wenye simu za kisasa: nani anahifadhi picha ya pikipiki na abiria wake, na kwa muda gani? Swali hilo si la kubezwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi na zisihifadhiwe kupita mahitaji. Picha ya kosa la mwendo ni ushahidi. Picha hiyohiyo ikisambazwa katika kundi la simu ili kumcheka dereva na abiria aliyempakia, si ushahidi tena. Mwananchi akijua mpaka huo unalindwa, ataikubali kamera kwa moyo mwepesi zaidi.

Kwa barabara ya Chanzuru, hatua za mwanzo hazihitaji fedha nyingi. Viongozi wa kata na vijiji wanaweza kukaa na wakala wa barabara na askari wa usalama barabarani na kuonyeshana, kwa mguu, nyumba za kwanza, lango la shule, njia ya ng'ombe na mahali magunia ya mpunga yanapopakiwa nyakati za mavuno, ili vibao vya kilomita 50 visimame pale ambapo mwenyeji anajua pana watu. Vyama vya bodaboda vinaweza kutunza daftari la zamu linaloonyesha nani alikuwa na pikipiki ipi na saa ngapi. Daftari hilo ni la senti chache, na linamaliza ugomvi wa nani alikuwa barabarani siku ya kosa. Mikataba kati ya tajiri na dereva iandikwe, ikiwa na kipengele kinachosema faini ya mwendo ni ya nani na faini ya taa mbovu au tairi kipara ni ya nani.

Jambo la mwisho liko mikononi mwa wenye mfumo. Dereva anayepigwa picha saa tatu asubuhi akipata ujumbe wa simu kabla ya jioni, wenye mahali, mwendo uliopimwa na ukomo wa eneo hilo, atakumbuka alikuwa wapi na alikuwa amempakia nani, na kama ana pingamizi atalitoa mashahidi wangali wanakumbuka. Ujumbe huo ukimfikia tajiri baada ya mwezi mmoja, kilichobaki cha kuzungumza ni shilingi 10,000 tu.