Michezo ya kufundisha: Je, inaweza kusaidia watoto wa Kasongo na Kabambare?

Huku Maniema ya kusini, mzazi akiona mtoto ameinamia telefone anasema anapoteza wakati na kumaliza chaji. Mara nyingi ana haki. Lakini kuko michezo iliyotengenezwa ili kufundisha, na mahali pengine imeshapimwa.

Swali linatugusa. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure nchini Kongo. Lakini bure hiyo haimfikii mtoto ambaye familia yake imekimbia mapigano ya Salamabila, ao anayeshinda kwenye machimbo ya zahabu.

Nchini Sudani, shirika War Child lilianza majaribio mwaka 2012 na watoto ambao hawakuwa na masomo. Walipewa tableti zenye mchezo wa hesabu. Hazikuhitaji rezo, na chaji ilitoka kwa jua. Mtu mzima wa kijiji aliwasimamia. Watengenezaji waliomba watoto wenyewe wachore maisha yao, na picha hizo zikaingia katika mchezo. Kisha watafiti waliwalinganisha na wenzao wasiokuwa na mchezo huo: waliocheza walisonga mbele zaidi katika hesabu.

Mfano mwingine ni Lual Mayen, mwana wa Sudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza pesa miaka mitatu kumnunulia kompyuta. Lual alikuwa akitembea masaa mengi kwenda kuichaji. Alitengeneza mchezo wa amani uitwao Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na dawa. Vijana wa kambini waliupitisha kwa Bluetooth, telefone kwa telefone, sawa vile vijana wa Kasongo wanavyopitishiana miziki.

Kwa hiyo rezo na umeme si sababu ya kukata tamaa. Tena si lazima telefone: karatoni, vifuniko vya chupa na kete vinatosha kutengeneza mchezo juu ya malaria ao maji machafu. Mwalimu aulize watoto maswali yaleyale mbele ya kucheza, na tena kisha mwezi mmoja. Majibu yakibaki yale ya zamani, mchezo ubadilishwe.

Lakini tusidanganyane. Mchezo haulipi mshahara wa mwalimu, wala haumtoi mtoto machimboni kama nyumbani hakuna chakula. Hata kule Sudani, mtu mzima alikaa karibu na watoto.

Basi shirika likifika Kasongo ao Kabambare na mchezo mpya, wazazi na machifu waulize mambo matatu: watoto wa huku walisaidia kuutengeneza? Unafanya kazi bila rezo? Nani atapima kama wamejifunza, na tutaonyeshwa matokeo? Mara nyingi mradi ukiisha, kinachobaki ni picha za ufunguzi tu. Mtoto wa Kabambare anastahili kubaki na hesabu kichwani.